Tangi la Samaki la Marehemu Seifu

Kwa Jina la Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa yaliyo dhahiri na yaliyositirika, ambaye kwake zinarejea roho zote.

Mtaa wa Msimbazi,
Kariakoo,
Dar es Salaam.

24 Jumadal-Ula 1355
(12 Agosti 1936)

Mpendwa mwanangu Hashil,

Asalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Nakuamkia kwa salamu zilizotoka moyoni, nikitaraji kwamba barua hii itakukuta u mzima wa afya, wewe na mkeo Zeina na watoto wote mliojaaliwa. Nimesikia kwa wasafiri kwamba baridi ya Tabora mwaka huu imekuwa kali, nami nikakumbuka kifua chako kilivyokuwa kikikusumbua tangu utoto. Vaa nguo nzito alfajiri, na usione haya kuswalia nyumbani siku ambayo pumzi inakukataa.

Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, ila goti langu la kushoto limekataa ngazi, na sasa nalala chini, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya marehemu ndugu yako. Duka linafunguliwa asubuhi na kufungwa adhuhuri. Wateja wanakuja, wananunua, wanatupa pole, kisha wanachungulia mlango wa ndani kwa hofu na kwenda zao.

Barua yako imenifika. Umeandika kwamba eda ya Saadiya itakapokwisha, arudishwe Kilwa kwa watu wake, na mtoto Azza apandishwe gari la moshi aletwe kwako, alelewe na Zeina. Umesema sababu ni yale aliyokuarifu shangazi yako Kuruthumu, kwamba Saadiya ana jini la kurithi kutoka kwa bibi yake, na kwamba jini hilo ndilo lililomuua Seifu. Sikutaka kukujibu upesi. Jambo lenyewe ni la kumtenga mtoto na mama yake na kumwita mwanamke muuaji wa mumewe, na mambo mawili hayo mtu ataulizwa siku ambayo hapana shahidi wa kununuliwa. Nakuomba usome hadi mwisho kabla ya kukata shauri.

Hukupata kuliona tangi lile la samaki. Marehemu alilinunua mnadani, katika vyombo vya Mzungu mmoja aliyekuwa akirejea kwao. Ni sanduku la kioo pande zote, limeshikwa kwa fremu ya chuma, na juu yake kuna kifuniko cha bati chenye taa ya stimu ndani. Alitia humo samaki wadogo wekundu alioletewa na baharia kutoka Bombay. Taa ikiwashwa, maji yanang'aa kijani, na kivuli cha samaki kinapita ukutani kikubwa kama mkono wa mtu. Watu walikuja kutoka Gerezani na Mchikichini kutazama tu. Seifu alifurahi kama mtoto. Aliliweka juu ya meza katika chumba cha mbele, na kwa sababu ya sisimizi akaisimamisha miguu ya meza ile ndani ya vikopo vyenye mafuta ya taa, kama sisi sote tunavyofanya kwa kabati la chakula.

Tangu mwanzo tangi lile lilikuwa na tabia yake. Mtu akigusa fremu, mara nyingine husikia kitu kama kutekenywa hadi kwenye kiwiko. Wageni walioingia na viatu hawakusikia chochote. Sisi wa nyumbani, tunaovua viatu mlangoni, tulisikia. Marehemu alikuwa akicheka, akiwaambia wageni kwamba samaki wake wanatoa salamu kwa Waislamu tu.

Siku aliyofariki ilikuwa Alhamisi, wakati wa alasiri. Mbingu zilikuwa na mawingu, taa ya tangi ikawashwa mapema. Saadiya alikuwa ameosha nyumba yote kwa kuikaribisha Ijumaa, akafukiza ubani. Seifu akatoka uani kutawadha, mikono na miguu inamtiririka maji, akapita chumba cha mbele aende msikitini. Akasimama tangini, kama ilivyokuwa desturi yake kila siku saa ile, atie mkono awape samaki makombo. Hakupiga kelele. Tulisikia kifuniko kikigonga kioo, tukadhani ni yeye anafunika. Nilipoingia alikuwa amelala chali, na taa imezimika kwa kuanguka kifuniko. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun.

Hayo ndiyo shangazi yako aliyaona, na kwa kuwa hakuona mkono wa mtu, akaona mkono wa jini. Alhamisi, ubani, mke wa Kilwa, mume mzima asiye na maradhi ameanguka katikati ya udhu na swala. Sikumlaumu kwa kuogopa. Hata mimi, mwanangu, sikuipenda sauti ya maji yale baada ya mazishi.

Nikueleze hali ya nyumba, ili uelewe tulivyoishi. Kifuniko kilirudishwa mahali pake na taa ikawa inawashwa kila jua likizama, kwa swichi iliyo mlangoni, kwani hapana aliyetaka kupita chumba kile gizani. Saadiya anakaa eda katika chumba kinachopakana na hicho, baina yao ni pazia tu. Kila alasiri, saa ile ile, samaki wale hukusanyika upande mmoja wa kioo, upande ambao mkono wa Seifu ulikuwa ukiingilia, wakakaa wakitazama juu. Wanangoja. Nimewaona kwa macho yangu, na nimejikuta nami nimesimama nikingoja pamoja nao, hata adhana ikanishtua. Azza huwaendea na kuwaambia kwamba baba amekwenda swala. Mama yake humwita kutoka nyuma ya pazia asisogee karibu, na yeye mwenyewe hutoka baadaye, akawanyunyizia makombo kwa mbali bila kugusa kitu.

Shangazi yako akamleta mzee Mwinyimvua, mganga wa Mchikichini, alipunge jini hilo. Mwinyimvua alikataa kuvua makubadhi yake, akisema nyumba yenye jini haiingiwi miguu mitupu. Akafukiza, akatia vidole majini, akanyunyiza marashi, na hakupatwa na neno. Akatoka akisema kazi imekwisha. Jioni hiyo Kuruthumu, ambaye ndiyo kwanza ametoka kutawadha kwa swala ya magharibi, akaenda kwa kiburi kushika fremu ili atuonyeshe kwamba nyumba imetakata. Ikamrusha hadi ukutani. Mkono wake ulikufa ganzi hadi asubuhi, na ulimi wake ukapata nguvu mpya. Akasema jini limemtii mganga kwa adabu tu, na kwamba mwenye jini yuko nyuma ya pazia analilisha. Aliyasema hayo makusudi kwa sauti ya kusikika. Ndipo alipokuandikia wewe.

Siku iliyofuata Saadiya alinisemesha, kwa pazia kati yetu kama ilivyo wajibu. Hakulia wala hakujitetea. Aliniuliza jambo moja tu.

"Ami, ikiwa maji yale yana jini la kuua, mbona samaki wazima?"

Kisha akanieleza, pole pole, aliyoyatazama kwa mwanya wa pazia katika siku zote hizo za kukaa. Kwamba kitu kile hakimdhuru mwenye viatu. Kwamba mguu mkavu kinautekenya, na mguu wenye maji kinaurusha. Kwamba taa ikiwa imezimwa hakina nguvu kabisa. Akasema jini la kwao Kilwa, kama lipo, halijapata kumwuliza mtu amevaa nini miguuni.

Hashil, wakati huo nilikuwa nimebeba kitu moyoni. Mimi ndiye niliyemwosha ndugu yako. Unajua adabu yetu, kwamba mwosha maiti hufukia alichokiona pamoja na aliyemwosha, na nimeishika adabu hiyo kwa maiti wengi wa mji huu. Katika vidole vya mkono wa kulia wa Seifu, na katika wayo wa mguu wake, niliona alama ndogo nyeupe, kavu, mfano wa ngozi iliyoguswa na kaa la moto. Sikuitaja kwa yeyote. Lakini nilipomsikia mjane wake akisema habari ya mkono na mguu, nilikesha nikitafakari, na asubuhi nikaona kwamba sitara ya maiti haikuwekwa ili aliye hai adhulumiwe kwayo. Nikaamua kumwita fundi.

Nilimpata Anselmi, fundi wa stimu katika karakana za reli huku Gerezani. Ni kijana wa Kikristo, mtanashati, mwenye viatu vya kung'aa na maneno mengi, anayejua bei ya kazi yake. Aliingia akacheka alipoambiwa habari ya jini. Akashika fremu kwa mkono mzima, akatia mkono mwingine majini, taa ikiwaka. Hakupatwa na lolote.

"Shehe," akaniambia, "jini lenu limeona Mkristo likakimbia. Tangi halina kasoro."

Alikuwa amekwisha kuokota mfuko wake. Ndipo Saadiya akasema kutoka nyuma ya pazia, si kwa nguvu.

"Ami, mwambie avue viatu."

Anselmi alitaka kucheka tena, lakini kicheko hakikutoka. Alizitazama soli zake za mpira, akaitazama sakafu, kisha akatazama miguuni pangu, kwani nilikuwa peku. Aliniomba nirudi nyuma. Hakuvua viatu. Alitoa mfukoni mwake globu yenye nyaya mbili. Waya mmoja akaufunga kwenye fremu ya tangi. Wa pili akaupitisha dirishani hadi uani, akaufunga kwenye msumari mrefu wa chuma alioupigilia ardhini, pale panapomwagikia maji ya udhu, mahali ambapo hapakauki. Akarudi ndani, akawasha swichi ya tangi.

Globu ile ikawaka mkononi mwake. Haikuwa imetiwa mahali popote pa taa, Hashil. Ilikuwa baina ya samaki na udongo, na ikawaka kwa utulivu, nuru ya manjano. Nilijua kwamba ninautazama ule moto uliopita ndani ya mwana wa ndugu yangu, na kwamba umekuwa humo chumbani wakati wote, tunapokula, tunaposoma khitma yake, Azza anapocheza.

Akaizima, akafungua kifuniko, akatuonyesha. Waya unaoingia katika taa umevikwa mpira na nguo, na mvuke wa maji ulikuwa umeuozesha mpira ule pale unapopita kwenye tundu la bati. Shaba ikawa tupu, ikaligusa bati. Bati limekaa juu ya fremu, na fremu imeshika maji. Akasema stimu hutafuta ardhi kama maji yanavyotafuta bondeni. Meza ya mti, na miguu yake ndani ya mafuta ya taa, iliifungia njia zote, ikabaki imekaa humo ikingoja. Samaki hawakudhurika kwa kuwa stimu haikupita ndani yao kwenda kokote, mfano wa ndege anayetua kwenye waya wa barabarani. Mzungu aliyekuwa nalo alivaa viatu na kukanyaga mbao, asijue. Sisi tunatembea peku juu ya saruji, na mara tano kwa siku tunatoka majini. Aliyemwua ndugu yako hakutoka Kilwa. Alikuja na kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya watu wasiotawadha.

Ningependa kuishia hapo, lakini kuna lililobaki, na ndilo linaloninyima usingizi. Anselmi alikuwa akikusanya vyombo vyake Saadiya alipomwuliza, mwenyewe, bila kunipitishia mimi:

"Na sakafu ingekuwa kavu?"

Fundi hakujua ni nani aliyeiosha. Alijibu kama fundi.

"Angetekenywa tu, Bibi. Angecheka kama siku zote."

Sikusikia kilio. Nililiona pazia, ambalo lilikuwa likitikisika kwa pumzi zake, likitulia. Anselmi alinitazama usoni, akaelewa. Alifungua mdomo asahihishe neno lake, nami nikamzuia kwa mkono, kwani neno la kweli halifutiki kwa la huruma. Kazi iliyosalia aliifanya kimya, na ujira aliukataa.

Shangazi yako alikuwepo mlangoni, ameyasikia yote. Alikaa chini pale pale. Baadaye aliniambia kwa sauti ya mtu mgonjwa, "Nimemla nyama mtoto wa watu kwa ulimi wangu, Humoud, tena aliyefiwa." Aliingia nyuma ya pazia, na hakutoka hadi isha. Lililopita baina yao silijui, wala sikuuliza.

Yaliyofanyika kwenye tangi nakueleza, kwa kuwa huko mnawasha chemli hadi leo, lakini stimu itakufikia nawe, na unapenda vitu vipya kama ndugu yako. Waya mbovu umetupwa. Mpya umepitishwa mahali pasipofikiwa na mvuke, nao umeachwa ulegee chini ya plagi kabla ya kupanda, ili tone la maji likitiririka juu yake lidondoke sakafuni, lisiingie ukutani. Bati na fremu vimefungwa waya mnene wa shaba unaotoka nje hadi kwenye bomba la chuma lililofukiwa pale penye maji ya udhu, ili stimu ikitoroka ipite huko, si ndani ya mtu. Anselmi alitujaribia kwa waya ule mbovu kabla hajautupa: alipowasha tu, fyuzi ikakatika na taa ikafa papo hapo. Na juu ya hayo yote, plagi huchomolewa kabla mkono haujaingia majini. Usimruhusu mtu kukuuzia kitu cha stimu chenye chuma na maji bila waya wa kwenda ardhini, hata kama kimetoka nyumba ya mkubwa gani. Kumtegemea Mola hakumzuii mja kufunga mlango wake.

Niliwaza kulitoa tangi hili nyumbani. Saadiya ndiye aliyekataa. Alisema Azza hana kitu kingine ambacho baba yake alikipenda na bado kinatembea.

Sasa kuhusu haja yako. Sheria ya dini yetu unaijua: mtoto wa umri wa Azza ana haki kwa mama yake, na sababu uliyoitaja imeanguka. Nakuomba, na kwa haki ya uami na ulezi wangu kwako nakuamuru, uliondoe neno lile. Eda itakapokwisha Saadiya atabaki katika nyumba hii pamoja na mwanawe, mimi nikiwa hai. Mwandikie kwa mkono wako. Usimweleze habari za stimu, anazijua kutuzidi. Mwambie tu kwamba hukumdhania vyema na kwamba unaomba radhi. Ama kuhusu sakafu, mimi nimemwambia, na ninakwambia wewe: ajali ya Seifu ilikuwa imeandikwa, na mwanamke anayeiosha nyumba yake kwa ajili ya Ijumaa huandikiwa thawabu. Ananiitikia, "Naam, Ami." Ananiitikia vizuri kila mara, na hilo ndilo linalonitia hofu.

Kuruthumu anakusalimu, naye ameniomba nikwambie kwamba maneno ya barua yake ameyarudisha. Nisalimie Zeina kwa heshima zote, watoto mmoja mmoja, na rafiki yangu mzee Sadalla wa msikiti wenu, umwambie goti langu limemshinda hata lake.

Mtakapokuja kwa khitma ya kumalizia eda, njoo na Zeina, nami nina ombi kwake. Tangu siku ile ya fundi, Saadiya hajaruhusu tone la maji kufika sakafu ya chumba cha mbele. Huifagia kwa ufagio mkavu asubuhi na jioni. Vumbi limeingia katika saruji na kuibadilisha rangi. Akitoka kutawadha huipangusa miguu yake kwa kitambaa, kisha huipangusa tena, na humpangusa Azza hata mtoto analia, ngozi ya nyayo imeanza kupasuka. Sisi wanaume hatuwezi kuingia katika jambo hilo kwa maneno, na maneno nimeyamaliza. Zeina asimwulize kitu. Akishapumzika na safari, avue viatu, achukue ndoo ajaze maji, apige magoti chumba cha mbele na kuanza kuosha kutoka pembe ya mlango, kama mtu aliye kwao. Nadhani Saadiya atasimama kwanza mbali. Amwache asimame kadiri atakavyo. Ndoo iwe kubwa, na vitambaa viwe viwili.

Mwenyezi Mungu akuhifadhi, mwanangu, akupe kifua chenye nafasi na moyo usioharakia kuhukumu. Aibariki nyumba yako kwa amani, wanaoingia na wanaotoka, wanaolala na wanaoamka, na aliweke kaburi la ndugu yako katika nuru isiyounguza. Amin.

Wako akupendaye na kukuombea,
Ami yako,
Humoud bin Khalfan